Maziwa Yetu ya Asili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipokuwa kidato cha pili hapa hapa, niliulizwa nitaje maziwa matano ya asili ya Tanzania. Nikaandika Viktoria, Tanganyika, Nyasa, Rukwa na Nyumba ya Mungu. Nikapata manne. Mwalimu alieleza kwa wino mwekundu kwamba hilo la mwisho ni bwawa, limejengwa na watu miaka ya 1960.

Makubwa mnayajua. Tanganyika, lililo katika Bonde la Ufa, lina kina cha mita 1,470 hivi; Viktoria, kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo, halifiki hata mita 100. Mimi hupenda madogo. Rungwe wana Ngozi, ndani ya kreta ya volkano. Singida wana Singidani na Kitangiri. Natron, Eyasi na Manyara hayana mto utokao, basi jua hunywa maji na kuacha magadi.

Lakini leo nataka kusema juu ya Jipe, lililoko Mwanga, mpakani na Kenya. Hupokea maji ya mto Lumi kutoka Kilimanjaro, na mto Ruvu huyatoa kuyapeleka Nyumba ya Mungu, lile bwawa langu.

Nilipoanza kazi serikalini niliandika taarifa juu ya Jipe bila kufika huko. Ukubwa wake niliupata kwenye ramani ya zamani. Baadaye nikatumwa. Mzee mmoja mvuvi akanipakia mtumbwini. Palipokuwa maji katika ramani yangu, pana matete. Akanipa upondo: "Pima mwenyewe, Bwana Maji." Haukwenda mbali, ukanasa kwenye tope. Udongo wa mashamba ya milimani huo.

"Huko ofisini mmeandika nini juu yetu?" akauliza.

Sikumjibu. Niliporudi niliandika taarifa ya pili, na ukurasa wa kwanza nikakiri kosa langu.

Asubuhi hii nimepita chumba cha Jiografia. Ramani ukutani ni ileile ya siku zangu, na Jipe limepakwa buluu tupu. Vijana mnaotoka Mwanga, likizo hii fikeni ziwani mkatazame, kisha mrudi na kalamu ya kijani. Mwalimu ameniahidi hatakasirika.