Kuanguka kwa Wazee Wetu



Reli haifiki Garissa, basi nilipopata livu nilipanda basi kwenda kumtazama mama. Nikaambiwa ameanguka mara tatu. Majirani wakasema, "Ni uzee tu." Sivyo. Mama ana kisukari na presha. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huweza kutia nyayo ganzi, mtu asijue amekanyaga jiwe au mchanga. Tena hufifiza macho. Na dawa ya presha, kwa jua lile la mto Tana, mzee asipokunywa maji ya kutosha akainuka ghafula, kichwa humzunguka. Na mwezi wa Ramadhani, mwenye kudungwa sindano ya kisukari akifunga bila shauri la daktari, sukari yaweza kushuka mno akaanguka chini.

Sisi hupeleka pesa nyumbani tukadhani tumemaliza. Waulizeni wameanguka mara ngapi, maana wazee huficha (mama alinificha mimi). Kisha nendeni nao kwa daktari na dawa zao zote, wala msizikatize wenyewe. Mama sasa huketi kitandani kwanza, ndipo huinuka, na usiku taa huwaka njia ya chooni.