Daraja la Ghali: Ni Nani Anayelipa?

Mwenye daftari na alifungue, na asiye nalo asikilize vizuri, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo la leo ni juu ya gharama za kazi kubwa za nchi, yaani madaraja, reli na barabara. Mfano wetu hauko mbali. Ni lile daraja refu linalopita juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka Kigongo katika Wilaya ya Misungwi hadi Busisi katika Wilaya ya Sengerema. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli mwezi wa Desemba 2019, na kazi ikaanza mwaka uliofuata. Yeye alifariki mwaka 2021, kabla daraja halijakwisha, nalo limepewa jina lake. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kilomita 3, na gharama yake ni zaidi ya shilingi bilioni 700, fedha zilizotoka katika Hazina yetu wenyewe.

Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko. Kuvuka peke yake kulichukua nusu saa au zaidi, na kabla ya kuvuka kulikuwa na foleni. Siku mbaya gari liliweza kungoja saa mbili. Sasa gari huvuka kwa dakika chache tu.

Je, watu wamelipokea vipi daraja hili? Hapa Kirumba, ukikaa asubuhi moja penye soko la dagaa la Mwaloni, utasikia maneno ya namna tatu. Mmoja husema, "Tumepona. Adha ya kivuko imekwisha." Wa pili husema, "Fedha zote hizo kwa daraja moja! Kwetu bomba halitoi maji, na zahanati haina dawa." Wa tatu husema kwa sauti ya chini, "Daraja ni zuri, lakini mimi nilikuwa nauza chakula gatini. Sasa magari hayasimami. Nitamwuzia nani?"

Ndugu zangu, wote watatu wanastahili kusikilizwa. Si vizuri kuwagombanisha kana kwamba mmoja ndiye msema kweli na wengine ni waongo. Tuwachukue mmoja mmoja.

Kwanza, yule anayefurahi. Tuseme yuko fundi wa Sengerema ambaye kazi yake humvusha mara mbili kila juma, na kila mara alipoteza saa mbili. Hizo ni saa 4 kwa juma. Katika majuma 50 ni saa 200. Gawanya kwa saa 8 za kazi ya siku, utapata siku 25. Basi fundi huyu alikuwa akitoa karibu mwezi mmoja wa kazi kila mwaka, akiukalia kwenye foleni, bila mshahara. Na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali ya Bugando kutoka Geita au Sengerema, yeye saa zake hatuwezi kuzigeuza kuwa shilingi.

Tena kuna hofu. Watu wa ziwa hawajasahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza na kuua mamia ya watu. Wala hawajasahau MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200. Ajali hizo hazikutokea Kigongo, lakini mtu akiisha kuzika ndugu aliyekufa maji, kila chombo hukitazama kwa jicho jingine.

Pili, yule anayelalamika juu ya fedha. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ina watu milioni 61.7. Gawanya shilingi bilioni 700 kwa watu hao. Utaona kwamba kila mmoja, hata mtoto mchanga, amechanga kama shilingi 11,300. Nyumba yenye watu sita imetoa kama shilingi 68,000. Nyumba hiyo yaweza kuwa Mtwara au Pemba, na wenyewe pengine hawataliona daraja maisha yao yote. Kwa hiyo anayeuliza, "Kwa nini fedha hizi hazikwenda kwenye maji?" si adui wa maendeleo. Anauliza kama mtu aliyetoa mchango wake, naye ana haki ya kujibiwa.

Lakini naye afikirie jambo moja. Barabara ile si ya Mwanza peke yake. Huenda Geita na Kagera, na mizigo ya Rwanda, Burundi na Uganda hupita humo. Ikiwa bei ya bidhaa itapungua kwa sababu lori halilali tena kwenye foleni, basi hata asiyevuka atapata sehemu yake. Isipopungua, mwananchi ana haki ya kuuliza faida imekwenda kwa nani.

Iko njia nyingine ya kulipia daraja, nayo ni kumtoza yule anayevuka. Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa Aprili 2016. Lilijengwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF pamoja na fedha za Serikali, na wenye vyombo vya moto wakatakiwa kulipa kila wavukapo. Wakazi wa ng'ambo wakanung'unika kwa miaka mingi, wakisema wao wanalipia njia ya kwenda nyumbani kwao hali wengine hawalipi. Mwaka 2022 tozo hizo zikapunguzwa. Mnaona basi, daraja la bure halipo. Mlipaji ni watu wote kwa kodi, au ni wavukaji kwa tozo.

Sasa natuangalie mfano wa zamani, maana unafundisha jambo ambalo hesabu za Hazina hazionyeshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, pwani ya ziwa hili hili, mwezi wa Desemba 1901. Waingereza waliilipia zaidi ya pauni milioni 5, na katika Bunge lao wako waliopinga sana, wakasema ni wazimu kujenga reli ya ghali namna hiyo. Lakini angalieni walipaji wengine. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa kazini. Kisha reli ilipokwisha, serikali ilitaka ipate mizigo ili irudishe gharama zake. Wakaitwa walowezi, wakapewa mashamba ya nyanda za juu, na Wamasai, Wakikuyu na Wanandi wakapoteza ardhi. Watu hao hawakuulizwa reli ijengwe au isijengwe. Hata hivyo wao ndio walioilipia kwa muda mrefu kuliko wote.

Hili ndilo fundisho la leo, na mliandike: kitu cha ghali hutafuta mlipaji, na mara nyingi humpata yule ambaye hakuwapo wakati wa kuhesabu. Wazee wetu walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Tatu, basi, twarudi kwa yule mama wa gatini. Daraja letu si kama reli ile ya wakoloni. Limejengwa na nchi huru, kwa faida ya wananchi. Lakini mama huyu naye ni mlipaji. Kila gari lililosimama kungoja kivuko lilikuwa ni mteja wake. Ile foleni iliyokuwa hasara kwa fundi wa Sengerema ilikuwa mshahara kwake, kwa mchuuzi wa matunda na kwa mbeba mizigo. Hatusemi foleni irudishwe ili wao wale. Twasema kwamba katika zile bilioni 700 riziki yake haikuandikwa, nayo ni gharama kama saruji na nondo zilivyo gharama. Daraja lililookoa siku 25 za fundi laweza kupata fungu dogo la kumjengea mama huyu kibanda mahali ambapo mabasi yatasimama.

Mtauliza, sisi tufanye nini? Nendeni kwenye mikutano ya kijiji na ya mtaa, na mapato na matumizi yakisomwa msisinzie. Mkumbuke kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti katika miezi kabla ya hapo. Basi aliye na neno amwambie diwani na mbunge wake mapema, wala asingoje utepe ukatwe. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupelekwa Bungeni kila mwaka. Mwenye kujua kusoma awasomee wenziwe.

Sasa kaeni katika vikundi vyenu mjibu maswali haya:

1. Katika kijiji au mtaa wenu, ni kazi gani kubwa iliyojengwa au inayojengwa? Fedha zake zimetoka wapi?
2. Waandikeni watu wanaofaidika nayo. Kisha waandikeni wanaolipa, si kwa fedha tu, bali pia kwa ardhi, kwa kazi au kwa riziki.
3. Ni nani katika orodha ya pili ambaye hakuulizwa? Chagueni mtu mmoja miongoni mwenu atakayelisema jina lake katika mkutano ujao.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Kwaherini kwa sasa.