Makaa na Maji Machafu ya Viwanda vya Kahawa



Twasikia siku hizi ya kwamba maji machafu ya viwanda vya kahawa yaweza kusafishwa kwa vitu rahisi: makaa ya maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi, hata maganda ya ndizi. Habari hii ni kweli, lakini ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayotuangukia sisi wafanya kazi.

Aliyepata kusimama kwenye mashine ya kumenya buni aijua harufu ile. Maji hutoka na ute wenye sukari. Yakifika mtoni, vijidudu hula sukari hiyo na kuimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii mpaka Ziwa Victoria, na njiani watoto wetu huteka maji. Kanuni za mwaka 2006 zilitaka uchafu unaokula hewa usizidi miligramu 30 kwa lita ya maji yanayotolewa. Maji ya kahawa hufika maelfu. Kiwanda kikifungwa kwa sababu hiyo, mshahara nao umefungwa.

Basi makaa hufanyaje? Hayanyonyi kama sifongo. Uchafu hunata juu ya uso wake, na uso huo umejaa vitundu visivyoonekana. Gramu 1 ya makaa yaliyotengenezwa vizuri kwa mvuke wa moto mkali ina uso upitao mita za mraba 500. Makaa ya jikoni hayafikii hapo, na maganda mabichi yasiyooshwa huongeza rangi majini badala ya kuiondoa.

Tena tazameni jambo hili. Tangu karne ya 19 wasafishaji wa sukari wametumia makaa ya mifupa kuondoa rangi, na sukari yao ikabaki palepale. Ndivyo itakavyokuwa kwetu: rangi itanata, sukari nyingi itapita. Mwenye kiwanda akiona maji meupe asiseme kazi imekwisha! Kwanza apunguze maji, ayarudishe mashinani yatumike tena, maganda yaondolewe bila kusombwa na maji, na mashimo ya kutulizia yachimbwe mbali na mto. Makaa yawe ya mwisho.

Na nani atayasaga? Nani atayazoa yakiisha nguvu, yameloa na kunuka? Vumbi lake huingia kifuani. Wengine huyatengeneza kwa asidi, nayo huunguza ngozi. Bei nafuu isiwe nafuu kwa kuwa mtu mmoja amepewa kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Sheria ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama kila penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu wapeleke huko, kabla ya mavuno, madai haya: barakoa, glavu, viatu vya mpira, malipo ya kazi hiyo, na mahali pa kutupia makaa yaliyotumika pasipo karibu na mto.