Riwaya Hutoka Wapi? Hotuba kwa Wanachama, Cheyo



Mmetutaka tuseme habari za utungaji wa riwaya. Sisi makarani twajua barua huanzaje: kwanza jambo, kisha jalada, kisha majibu. Riwaya haiji kwa njia hiyo.

Mwaka 1984 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alirudi kwao kutoka Uingereza baada ya miaka mingi. Siku moja alimwona baba yake, mtu mzima sana, akivuka njia kwenda msikitini. Akawaza: mzee huyu alikuwa mtoto utawala wa Waingereza ulipokuwa mchanga, je, mtoto yule aliona nini? Ni hayo tu. Vitabu vyake vitatu vilitangulia, vya mwaka 1987, 1988 na 1990, ndipo mbegu ile ikazaa riwaya mwaka 1994. Ndiyo Paradise, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Lakini aliyeshika hadithi ile si mzee aendaye kusali. Ni Yusuf, mtoto aliyetolewa na babaye kwa ajili ya deni, akafuata msafara wa tajiri mpaka bara, kama walivyosafiri wapagazi waliopita hapa Tabora. Nani alimgeuza mzee wa msikitini akawa mtoto wa rehani? Twadhani hata mtungaji hawezi kuitolea hesabu kazi iliyofanyika kwa miaka kumi pasipo kuiona.

Nasi tulijaribu. Tulikusudia mpagazi mwema, mwenye subira, awe mfano kwa vijana. Tukampangia safari kituo kwa kituo, toka Bagamoyo hata Tabora. Kurasa arobaini zikawa baridi kama taarifa ya robo mwaka. Tukalifungia daftari sandukuni.

Miezi ikapita. Usiku mmoja, tukinakili orodha ya mishahara, mpagazi yule akatujia ameutua mzigo chini ya mwembe, mgongo kwenye shina, amekataa kuondoka. Hatukumwita. Baadaye tukatambua mkao ule: ni wa babu yetu, siku alipokataa kupelekwa hospitali. Tulikuwa watoto, wala hatukupata kulitaja tena jambo hilo.

Tangu usiku ule hadithi imepata uhai. Wako baadhi yenu mliosema kwamba chama kitasaidia gharama ya chapa, mradi mpagazi arudi njiani na kuufikisha mzigo. Twashukuru kwa dhati. Tumemrudisha mara mbili. Mara zote mbili, tulipofungua daftari asubuhi, maneno yalikuwa yetu, si yake, tukayafuta.

Yungali chini ya mwembe.