Vyeti Viwili, Lugha Mbili: Tuulize Nini Kabla ya Kumpeleka Binti?



Alhamdulillah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake. Ama baad. Wazazi wetu, kaka na dada zangu katika imani, najua koo zimekauka na jua la alasiri si mchezo, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja.

Siku hizi mzazi akitafuta sekondari ya binti yake huonyeshwa karatasi nzuri nzuri: skuli ya wasichana peke yao, ya kimataifa, lugha mbili, diploma mbili. Kuna anayefurahi, na kuna anayesema, "Mtoto wa kike ana haja gani na yote hayo?" Huyu wa pili nimjibu kwanza, maana jibu lake ni fupi. Bi Shifaa bint Abdillah (r.a.) alimfundisha Bi Hafsa (r.a.) kuandika, na Mtume (SAW) alilijua hilo na akaliridhia. Zaid bin Thabit (r.a.) aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayashika kwa kiasi cha nusu mwezi. Basi mwanamke kusoma, na Muislamu kujua lugha ya wengine, si mambo yaliyoletwa na Wazungu. Hata kule Jeddah, Malkia Effat alianzisha skuli ya wasichana ya Dar al-Hanan mwaka 1955, kabla serikali ya Saudia haijaanza za kwake.

Sasa tumrudie yule aliyefurahi, maana huyu ndiye atakayetoa pesa.

Diploma mbili maana yake ni mitihani ya wenyewe wawili. Hapa pwani aina moja tunaijua siku nyingi: binti anasoma mtaala wa serikali, na pamoja nao anasoma thanawi kwa Kiarabu. Cheti cha KCSE kinajulikana kila ofisi, na mwenye C+ kwenda juu anaingia chuo kikuu. (Kwa wadogo zetu wa mtaala mpya, walioanza Gredi ya 10 Januari 2026, ulizeni mtihani watakaofanya na njia za masomo ambazo skuli inazo.) Cha thanawi ndicho kinachotaka kuulizwa. Je, skuli hii ina muadala? Yaani kuna chuo kikuu cha nje kinachokubali kwamba cheti chake ni sawa na cha kwao? Al-Azhar, iliyowafungulia wanawake kitivo chao baada ya sheria ya mwaka 1961, inaliangalia sana jambo hilo. Bila muadala binti anabaki na Kiarabu na elimu ya dini, nayo ni kheri kubwa wallahi, lakini karatasi haimvushi. Na tusitegemee mlango mmoja. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi Wakenya walirudi nyumbani masomo yakiwa katikati. Mwenye KCSE nzuri mkononi alikuwa na pa kuanzia tena.

Diploma ya Kimarekani nayo ina mambo yake. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Diploma inatolewa na skuli au jimbo, kwa hivyo thamani yake inategemea ni nani aliyeipa skuli hiyo ithibati. Omba jina la hiyo taasisi, kisha waulize KNQA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, kama cheti hicho kitalinganishwa na cha hapa. Uliza kabla ya kulipa karo, si baada ya miaka minne.

Halafu kuna IB, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Diploma yake ni miaka miwili, masomo 6, na insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000. Karo yake jamani, wengi wetu hatuiwezi. Lakini nimeitaja kwa sababu moja. Wana diploma maalumu ya lugha mbili, na njia mojawapo ya kuipata ni kufaulu fasihi katika lugha mbili. Kiswahili kimo! Binti wa Lamu anaweza kuipata kwa Kiingereza na lugha ya nyanya yake. Sisi huku tunamkemea mtoto akizungumza Kiswahili skuli, tukidhani lugha ya pili lazima inunuliwe.

La mwisho ni la ndani ya nyumba, na kaka zangu msikasirike. Binti wa mitaala miwili ana masomo karibu mara mbili. Asubuhi skuli, alasiri Kiarabu, usiku kazi za walimu wa pande zote mbili. Mwezi huu anarudi na saumu yake, anakaanga bajia na kaimati za watu wanane, kakake amelala mkekani akingoja adhana. Matokeo yakitoka tunasema hana akili! Mama, baba, kama mmemlipia vyeti viwili, basi kaka naye ashike mwiko. Kukaanga bajia hakuna mtihani, atafundishwa na dadake leo hii.

Maswali tutayachukua baada ya tarawehe inshallah, na wenye karatasi za skuli wanazozifikiria waje nazo tuzisome pamoja.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.