Kabla ya synoupgrade: Kusasisha Programu Dhibiti ya NAS kwa Mstari wa Amri

Mada hii inamhusu yeyote anayetunza kifaa cha kuhifadhi data kwenye mtandao, NAS kama tunavyokiita kazini. Nimechagua vifaa vya Synology kwa kuwa mfumo wao, DSM, ni Linux iliyovishwa ukurasa wa kivinjari, na ndani yake mna amri mahususi ya kusasishia: synoupgrade.

Msimamo wangu nautoa mapema. Sababu ya kutumia mstari wa amri si haraka. Muda unaookolewa ni mdogo. Sababu ni kwamba unaiona hali ya kifaa kabla hujakigusa, hali ambayo ukurasa wa kivinjari huifupisha kuwa alama ya kijani na neno moja la kutuliza moyo. Asiye na nia ya kusoma anachoonyeshwa ni heri abaki kwenye kivinjari. Huko angalau kuna vitufe vya kumuuliza mara mbili.

Kwa nini tusasishe kabisa? Agosti 2014, baadhi ya wenye vifaa hivi walifungua ukurasa wao wakakuta tangazo la SynoLocker: mafaili yamefungwa kwa msimbo, anayeyataka alipe bitcoin 0.6. Kampuni ilieleza baadaye kwamba vilivyoathirika vilikuwa vinatumia DSM 4.3-3810 au matoleo ya nyuma yake, na kwamba upenyo huo ulikuwa umezibwa tangu Desemba 2013. Kiraka kilikuwepo miezi minane. Hofu ya kugusa kitu kinachofanya kazi naielewa, lakini hapa kutokugusa ndiko kulikogharimu.

Huduma ya SSH huwa imezimwa kifaa kikitoka kiwandani. Huwashwa kwenye paneli ya udhibiti, sehemu ya Terminal & SNMP. Unaingia kwa akaunti ya kundi la wasimamizi, kisha unaandika sudo -i na kurudia nenosiri lako. Kama uko nje ya ofisi, pitia VPN. Tafadhali usimfungulie kila mtu duniani mlango wa 22 kwenye ruta kwa ajili ya kazi ya nusu saa.

Ukishaingia, soma kwanza. Amri cat /etc.defaults/VERSION hukupa toleo na namba ya ujenzi wake. Amri cat /proc/sys/kernel/syno_hw_version hutaja modeli, na hili si jambo dogo, maana faili la kusasishia, lenye kiambishi .pat, hutolewa kwa kila modeli peke yake. Amri df -h / huonyesha nafasi iliyobaki kwenye sehemu ya mfumo, ambayo haihusiani na terabaiti zako za data. Kifaa chaweza kuwa na nafasi tele kwenye /volume1 huku sehemu ya mfumo imejaa logi hadi sasisho linagoma.

Kisha cat /proc/mdstat. Hapa naomba tukae kidogo.

DSM haikai kwenye diski moja. Sehemu ya mfumo, md0, ni RAID 1 inayonakiliwa kwenye diski zote za ndani. Md1 ni ya swap. Data yako kwa kawaida huanzia md2. Sasa, kwenye kifaa chenye nafasi nne za diski ambacho kina diski mbili tu, mstari wa md0 unaweza kusomeka [4/2] [UU__]. Anayeuona mara ya kwanza hushtuka akidhani diski mbili zimekufa. Hazijafa. Mfumo umehesabu nafasi zote ambazo kifaa kingeweza kubeba, na ile mistari ya chini ni nafasi tupu. Lakini alama hiyohiyo ikitokea kwenye md2 yenye diski nne, tuseme [4/3] [UU_U], hilo ni tatizo la kweli: kundi linaendeshwa na diski pungufu. Ukiona pia herufi (F) pembeni ya jina la diski, mfumo umekwisha kuihesabu kuwa mbovu. Hapo kazi ya siku inabadilika. Badilisha diski, subiri ujenzi upya ukamilike, ndipo urudi kwenye sasisho. Kulazimisha kifaa kuzima na kuwaka katikati ya ujenzi upya ni kujitafutia usiku mrefu.

Mipangilio ihifadhi kwa synoconfbkp export --filepath=/volume1/hifadhi/mipangilio.dss, kisha lihamishe faili hilo nje ya kifaa. Data nayo iwe na nakala rudufu mahali pengine. RAID si nakala rudufu, na nadhani mnaosikiliza mmechoka kuambiwa.

Kupata sasisho kuna njia mbili. Intaneti ikiwa nzuri, synoupgrade --check huuliza kama kuna toleo jipya, --download hulipakua, na --start huanza kazi. Intaneti ikiwa ya kusuasua, fuata njia ya pili. Faili la .pat lina mamia ya megabaiti, na tunakumbuka Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na kasi ikashuka Tanzania na kwa majirani. Mwenye vifaa kadhaa vya modeli moja alipakue mara moja kwenye kompyuta yake, alilinganishe kwa md5sum na alama iliyotolewa na kampuni, kisha alitume kwa kila kifaa na kuandika synoupgrade --patch ikifuatwa na njia kamili ya faili.

Kwenye kutuma kuna kero moja. Tangu OpenSSH 9.0 ya Aprili 2022, amri ya scp hutumia itifaki ya SFTP, na kama huduma hiyo haijawashwa kwenye NAS utajibiwa "subsystem request failed on channel 0". Kifaa hakijaharibika. Andika scp -O ili itumike itifaki ya zamani, au washa SFTP.

Maelezo ya toleo yasomwe kabla, hata kama yanachosha. DSM 7.0, iliyotoka Juni 2021, iliacha kutambua modemu za USB za 3G na 4G, vifaa vya Wi-Fi na Bluetooth vya kuchomeka. Ofisi ndogo iliyopata intaneti kupitia modemu iliyochomekwa kwenye NAS yenyewe, na fundi wake akasasisha akiwa mbali, ingepotea mtandaoni palepale. Vilevile programu za wengine zilizozoea kuendeshwa kwa mamlaka ya root zilikatazwa. Na kutoka DSM 7 kurudi 6 hakuna njia inayotambuliwa na kampuni.

Siku ya kazi, hakikisha UPS ina chaji ya kweli, si taa ya kijani tu, na watumiaji wametoka. Ukibonyeza Enter usitegemee kuulizwa tena. Muunganisho wa SSH utakatika kifaa kikijiwasha upya. Hilo ni la kawaida. Acha ping ikiendelea kwenye dirisha jingine na uvute subira, kwa kuwa baadhi ya masasisho huchukua muda mrefu kuliko fundi anavyopenda. Kuchomoa waya wa umeme kwa sababu ya kimya ndilo kosa baya kuliko yote niliyoyataja.

Kikirudi, soma tena VERSION na mdstat, pitia mwisho wa /var/log/messages, na ujaribu kufungua faili kutoka kompyuta ya mtumiaji wa kawaida, si yako. Kagua chochote ulichowahi kuhariri kwa mkono ndani ya /etc, kwa kuwa sasisho linaweza kukifuta bila taarifa. Andika kwenye daftari la kifaa namba ya ujenzi ya zamani na mpya, kisha zima SSH.