Mwanagenzi Jikoni



Dominika hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi habari ya mtu anayepika mboga za majani kwa mara ya kwanza. Huenda wengine watasema kwamba jambo hili ni dogo, ni la jikoni tu. Lakini Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuona haya kulisimulia.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 38 hadi ya 41, tunasoma kwamba nabii Elisha alifika Gilgali wakati wa njaa, akaagiza sufuria kubwa itelekwe kwa ajili ya wanafunzi wa manabii. Mmoja wao alikwenda shambani kutafuta mboga. Huko alikuta mmea wa porini unaotambaa, akachuma matango yake hata nguo yake ikajaa, akarudi na kuyakatakata sufuriani. Walipoonja, walipiga kelele kwamba wanalishwa kifo. Tuangalie neno moja hapo. Maandiko hayasemi kwamba yule mchumaji peke yake hakuyajua matango yale. Yanasema kwamba wao hawakuyajua. Mkono uliochuma ulikuwa mmoja, lakini kutojua kulikuwa kwa wote.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Tumfikirie kijana aliyepanga chumba mjini, mwenye hamu ya kisamvu cha nyumbani kwao. Mchicha amekwisha kuuona ukipikwa: huoshwa, hukatwa, hutiwa katika kitunguu na nyanya, na baada ya dakika chache huwa tayari. Basi anakifanyia kisamvu vivyo hivyo. Lakini kisamvu si mchicha. Majani ya muhogo yana kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Bibi zetu hawakuijua sumu hiyo kwa jina, lakini waliyatwanga majani kinuni mpaka yakalainika, wakayachemsha kwa maji mengi muda wa saa moja na zaidi, ndipo wakatia nazi au karanga. Kutwanga huifungua ile sumu, na kuchemsha sufuria ikiwa wazi huiondoa pamoja na mvuke. Taabu ya kinu haikuwa desturi tupu. Ilikuwa ulinzi wa uhai.

Je, ni nani aliyemweleza kijana yule? Katika nyumba nyingi mtoto wa kiume huambiwa kwamba jikoni si mahali pake, na mtoto wa kike huambiwa, "Ondoka hapo, utatuharibia mboga." Wahenga wamesema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo hutumika kumsuta mtoto, lakini tukiisikiliza vizuri, inaanza na yule aliyepaswa kufunza.

Sasa tumtazame Elisha. Hatusomi kwamba aliuliza ni nani aliyechuma, wala kwamba alimfukuza. Aliomba unga, akautia sufuriani, akaamuru watu wapakuliwe, nao wakala bila madhara. Sisi hatuna karama ile, na kisamvu kisichotwangwa hakiponywi na unga. Hicho kimwagwe, yachumwe majani mengine. Chakula chaweza kumwagwa. Mpishi asimwagwe pamoja nacho.

Maana tunajua yanayotokea mezani. Mboga ya kwanza ya mwanagenzi ikiwa chungu, au ikiwa na mchanga, wapo wanaocheka, na wapo wanaoisimulia kwa majirani mwaka mzima. Anayechekwa hivyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutojaribu tena. Ndivyo ilivyo pia katika jumuiya zetu. Mkatekumeni aliyekwama katika sala yake ya kwanza, au kijana aliyekosea majina ya miji aliposoma somo, akisikia minong'ono, Dominika ifuatayo hukaa nyuma karibu na mlango. Baada ya hapo hatumwoni tena.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, juma hili kila ajuaye kupika mboga amwite mmoja asiyejua, mvulana au msichana. Asimweleze kwa maneno tu, bali ampe mchi mkononi, amwonyeshe majani yaliyolainika na yasiyolainika, akae naye mpaka mboga iive. Nanyi makatekista, msikilizeni msomaji Jumamosi, kabla hajasimama mbele ya watu Dominika. Na yeye mwanagenzi asione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Kitabu cha Mithali, sura ya 15, aya ya 17, kinapima vyakula viwili: mboga za majani kwa watu wanaopendana, na nyama ya ng'ombe aliyenona kwa watu wanaochukiana, na kinaichagua mboga. Basi mboga ya mwanagenzi, hata ikizidi chumvi kidogo, yaweza kuwa karamu, iwapo waliomzunguka wanampenda kiasi cha kumfundisha.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayojifunza, na ile inayofundisha. Tunawatakieni Dominika njema.